Konokono wa Darasa la Nne

Jumatatu, 24 Februari

Likizo fupi imekwisha. Mvua. Paa la maktaba linavuja palepale lilipokuwa likivuja kabla ya likizo, ndoo ileile chini yake. Lakini mezani nimekuta barua niliyoingoja miezi kumi na mmoja! Mwanasaikolojia wa halmashauri atakuja kumtazama Tamsin Ogden. Ametupa tarehe mbili tuchague: Alhamisi tarehe 6 Machi, au Jumanne tarehe 11.

Niweke mambo wazi, kwa ajili ya yeyote atakayeisoma shajara hii nikishastaafu kwa heshima. Mimi ni Gerald Haslam, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Thornbeck na mratibu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Tamsin ana miaka minane, yuko darasa la nne. Kelele humuuma kama jino bovu. Hasemi na watu asiowajua. Kishindo kikizidi hukimbia, na akikimbia hatazami magari. Ameweza kukaa darasani mwaka mmoja na nusu kwa sababu moja tu: Bi Maureen Duckworth, msaidizi wa darasa, anayekaa ubavuni mwake tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho.

Mkataba wa Bi Maureen unaisha Pasaka. Mwalimu Mkuu, Philippa Garside, amesema bila kuzunguka kwamba mfuko wa shule umekauka. Halmashauri ikimpa Tamsin mpango wa msaada, ile karatasi yenye nguvu ya sheria na fedha ndani yake, Bi Maureen atabaki. Isipompa, anaondoka. Na akiondoka, Tamsin hatamaliza hata wiki.

Sasa tatizo. Akiwa na Bi Maureen, Tamsin hutulia. Mtazamaji akija atamwona mtoto mtulivu anayechora wadudu, ataandika kwamba hahitaji kitu, ataenda zake. Katika nchi hii mtoto hupewa msaada akishavunjika, tena avunjike mbele ya mtu mwenye kalamu.

Lakini tarehe 6 Machi ni Siku ya Vitabu! Watoto mia mbili na kumi wamevaa mavazi ya ajabuajabu ya wahusika wa vitabuni, wanapiga kelele tangu getini. Hakuna siku mbaya zaidi kwa Tamsin mwaka mzima. Nimechagua tarehe 6. Nimejipongeza kwa biskuti mbili.

Jumatano, 26 Februari

Asubuhi, mkutano wa waratibu kwenye ofisi za halmashauri. Mada: mageuzi. Bwana mmoja mwenye shingo nyembamba alituonyesha picha za mishale ukutani. Mishale yote ilielekea juu. Alisema mfumo mzima utabadilika na kila mtoto atasaidiwa mapema. Nikauliza lini. Akasema baada ya kukusanya maoni. Nikamkumbusha kwamba maoni yalikusanywa mwaka juzi. Akasema hayo yalikuwa maoni ya awali.

Nilikaa karibu na Hilary Threlfall wa shule ya Lower Cragg. Sikupenda, kiti kilikuwa hicho tu. Hilary amepata mipango minne tangu Septemba. Minne! Mimi sijapata hata mmoja tangu msimu wa baridi wa mwaka juzi. Nikajishusha, nikamuuliza ujanja wake ni upi. Akacheka.

"Ujanja gani, Gerald, mwenzangu? Naandika kila kitu siku ileile kinapotokea, kizuri na kibaya. Halafu namwacha mama mtu aongee. Basi."

Thubutu! Mtu hapati mipango minne kwa kuandikaandika. Anaficha. Kisha akachukua biskuti ya mwisho yenye chokoleti, mbele ya macho yangu.

Mchana nikamwita Bi Maureen chumba cha vifaa. Nikamwambia tarehe 6 ataenda mafunzo ya huduma ya kwanza, siku nzima. Akanitazama kama mtu aliyeona panya jikoni. Akauliza kama nimesahau ni Siku ya Vitabu. Nikamweleza mpango wangu wote, kwa sauti ya chini: mgeni anakuja, ndiye atakayeamua kama yeye Maureen anabaki au anaondoka, kwa hiyo lazima amwone Tamsin bila yeye.

Kisha akasema, "Kwa hiyo tumtupe mtoni ili waone kwamba hajui kuogelea."

Nikamwambia ameeleza vizuri sana, kuliko nilivyoeleza mimi.

Hakufurahi. Lakini hana njia nyingine, na anajua. Aliomba kitu kimoja tu: amshonee Tamsin vazi la siku hiyo. Nikakubali. Vazi lina madhara gani?

Tulipokuwa tunatoka ndipo nikamwona Tamsin chini ya meza ya kona, humohumo chumbani, na kitabu chake cha wadudu wa bustani. Masikioni alikuwa na vile vikopo vyake vyekundu vya kuzuia kelele. Akiwa navyo hasikii kitu.

Jumanne, 4 Machi

Jumanne ya chapati za maji, desturi ya mkesha wa Kwaresima. Mpishi alizikaanga za shule nzima, mafuta yakashika moshi, king'ora cha moto kikalia dakika sita. Tamsin akatoweka. Bi Maureen alimkuta nyuma ya banda la baiskeli, amelowa chapachapa, amejikunja, anagonga kichwa taratibu kwenye ubao. Alikaa naye palepale kwenye mvua saa nzima mpaka akakubali kurudi. Sweta la Bi Maureen lingeweza kukamuliwa likajaza ile ndoo ya maktaba.

Nilijisikia vibaya sana. Siku mbili tu! Mwanasaikolojia angekuja leo, tungekuwa tumemaliza kazi.

Bi Maureen aliniuliza kama nimeliandika tukio kwenye daftari la matukio. Nikasema nitaliandika. Ila nikiandika itabidi nijaze sababu, na sababu ni king'ora, na msimamizi wa usalama wa moto katika shule hii ni mimi, na betri za vile vitambuzi vya moshi nilipaswa kuzikagua Januari. Acha tu. Alhamisi itatosha.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilivaa kamusi: karatasi mbili ngumu za boksi, moja mbele, moja nyuma, zimefungwa kwa kamba mabegani. Sikuweza kukaa. Sikuweza kupita mlango wa ofisi ila kwa ubavu. Watoto wa darasa la kwanza walinipigapiga tumboni wakitafuta maneno mabaya.

Saa mbili na nusu nilifanya jambo ambalo silifurahii. Nilivichukua vikopo vyekundu vya Tamsin kwenye droo yake, nikavifungia kabatini mwangu. Ufunguo mfukoni. Kwa faida yake mwenyewe.

Saa tatu akafika Daktari Imogen Farrant, mwanasaikolojia. Mwanamke mchangamfu, mwenye viatu vya mvua vya njano. Nikampeleka darasa la nne. Kelele humo zilikuwa za kupendeza. Maharamia wawili wanapigana kwa rula, mtu ameleta ngoma. Nikamwonyesha Tamsin kwa kidole, nikarudi nyuma kidogo nimpishe aone maafa.

Tamsin alikuwa konokono.

Bi Maureen alikuwa amemshonea gamba la sponji nene kutoka godoro kuukuu, kubwa kiasi cha kumfunika mtoto mzima, limepambwa kwa vitambaa vya kahawia kwa mzunguko mzuri mno. Kofia yake imejazwa pamba hadi masikioni, na juu yake pembe mbili zinatikisika. Kelele zilipopanda, Tamsin aliingia ndani ya gamba. Darasa zima likapiga makofi. Konokono si ndivyo wanavyofanya! Zilipotulia, akatoa kichwa. Makofi tena.

Daktari Farrant aliandika. Akatabasamu. Akaandika tena.

Nikaona hali inakwenda kombo. Nikakimbia, kadiri kamusi inavyoweza kukimbia, nikawaleta watoto thelathini wa darasa la tatu na filimbi zao waje wafanye mazoezi mlangoni. Wimbo wao wa Pasaka. Bado hawajaujua. Daktari Farrant mwenyewe aliziba masikio. Mimi machozi yalinitoka. Tamsin akatambaa polepole hadi chini ya meza, akatulia humo, gamba juu.

Hiyo ndiyo hofu yake! Hivyo ndivyo anavyofanya akizidiwa! Nilimwambia daktari hivyo. Akanishika ukingo wa boksi, akasema amevutiwa sana na jinsi binti huyu anavyoishi ndani ya mhusika wake.

Kisha jambo la kuvunja moyo kabisa. Kabla daktari hajaondoka, Tamsin alitoka chini ya meza mwenyewe. Uso mweupe kama karatasi. Akamwendea yule mwanamke asiyemjua na kumwambia, kwa sauti, mbele yetu sote: "Kwaheri. Asante kwa kuja."

Mwaka mmoja na nusu hajawahi kumwambia mgeni neno. Nilikwama mlangoni dakika nne nikiwaza.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Maureen karudi kutoka mafunzoni. Anajua sasa kumfunga bandeji mtu aliyevunjika paja. Nikamweleza yote, nikamlaumu kwa lile gamba. Nilipofika kwenye "asante kwa kuja" akajishika mdomo. Nikadhani anajuta. Kumbe alikuwa analia kwa fahari. Watu wengine hawaelewi ushindani.

Tamsin hakuja leo. Mama yake, Kerry, anayefanya kazi duka la mikate, alipiga simu kusema mtoto alilala saa kumi na nne mfululizo na alipoamka alitapika. Alisema amewahi kumwona hivyo mara moja tu, siku ya mazishi ya babu yake, na akauliza kama Daktari Farrant aambiwe. Nikamwambia asihangaike, nitashughulikia mimi. Akina mama wakianza kuandika barua huchanganya mambo.

Niliwaza kuliandika kwenye daftari la matukio. Lakini limetokea nyumbani, si shuleni.

Jumatatu, 24 Machi

Barua ya jopo la halmashauri, wale wanaotoa mipango ya msaada, imefika. Wamekataa.

Nimeisoma mara tano nikiwa nimesimama. Tamsin ni "mtoto mbunifu, mwenye kujiamini, anayemudu mazingira yenye kelele nyingi bila msaidizi." Tena: "anaanzisha mazungumzo na watu wazima asiowafahamu." Tena, na hapa nilikaa: "shule haijaandika tukio lolote tangu Januari." Mwishoni wanatushauri tusubiri mageuzi.

Nilimpigia Kerry dukani. Nilisikia mtu akiagiza mikate sita ya mviringo. Kerry akauliza ina maana gani. Nikamwambia kuna rufaa. Akauliza lini itasikilizwa. Nikasema Novemba. Akashusha pumzi, akasema basi, miezi minane wanaweza kujikaza. Ikabidi nimwambie ni Novemba ya mwaka ujao.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Haya, Bwana Haslam. Ahsante kwa kuhangaika."

Nimesikia pia kwamba Hilary amepata wa tano.

Ijumaa, 4 Aprili

Siku ya mwisho ya muhula. Chai ya kumuaga Bi Maureen katika chumba cha walimu. Keki ya limau, kadi yenye picha ya punda. Philippa alihutubia. Alisema Maureen ni nguzo ya shule, na kwamba tungependa abaki kama isingekuwa bajeti. Maureen alisema ameshapata kazi kwenye kaunta ya duka kubwa kule barabara kuu, na wanalipa zaidi kidogo kwa saa. Mtu akaniuliza kama nataka keki zaidi.

Tamsin aliambiwa mapema, kwa picha na kalenda, kama inavyoshauriwa. Kila siku alikuwa akifuta mraba mmoja. Leo aliufuta wa mwisho kisha akaurudishia rangi. Kengele ilipolia alimkabidhi Bi Maureen kitabu kidogo alichokitengeneza, kimeandikwa *Namna ya Kumtunza Konokono*. Bi Maureen alikisomea ndani ya gari lake. Mpaka naondoka mimi, gari lilikuwa bado pale, vioo vimejaa ukungu.

Jumatano, 23 Aprili

Muhula mpya ulianza jana. Jana Tamsin alikaa dakika arobaini. Leo kumi na moja. Leo alifika mpaka barabarani, na dereva wa lori la maziwa alifunga breki hivi kwamba nilizisikia nikiwa ofisini, upande wa pili wa jengo. Hakuguswa. Lori lilisimama hatua mbili kutoka kwake. Dereva alikaa ukingoni mwa barabara, akakataa chai.

Hata mwandiko wangu leo umepinda.

Kerry alikuja kumchukua akiwa bado amevaa aproni ya dukani. Alisema hatamrudisha.

Ijumaa, 25 Aprili

Kerry alipita baada ya vipindi. Alirudisha kitabu cha maktaba, kile cha wadudu wa bustani. Akaomba kitu kimoja: vile vikopo vyekundu vya masikio. Vimepotea tangu Siku ya Vitabu, wametafuta kila mahali, na vipya ni ghali. Akauliza kama labda viko shuleni.

Nikasema nitaangalia. Nikazungukazunguka korido muda wa kutosha, kisha nikarudi na kufungua kabati langu. Yeye alikuwa amesimama mlangoni. Aliuona ufunguo ukitoka mfukoni mwangu. Nikaanza kueleza habari za utunzaji salama wa vifaa vya wanafunzi. Akavichukua, akavifuta vumbi kwa kiganja.

Kisha akasema, wala hakupandisha sauti:

"Aliwasikia, unajua. Wewe na Maureen, siku ile chumba cha vifaa. Vile vikopo havizuii kila kitu. Alisikia kwamba huyo mgeni ndiye ataamua kama Maureen anabaki. Kwa hiyo akajikaza. Wiki nzima alikuwa anafanya mazoezi mbele ya kioo. Kwaheri, asante kwa kuja. Kwaheri, asante kwa kuja. Alidhani akiwa mtoto mzuri, watamwachia Maureen wake."

Nikasema samahani. Akasema anajua.

"Kila siku ananiuliza alikosea wapi. Wewe ndiye mtaalamu, Bwana Haslam. Nimwambieje?"

Nilimwahidi kumjibu kwa maandishi.

Nimekaa hapa kuanzia saa kumi hadi wahudumu wa usafi wanazima taa. Ile ndoo ya maktaba inadondokewa. Nimeandika "Mpendwa Tamsin" mara tatu. Moyo umekuwa mzito, na sisemi hivyo kwa kupamba.

Alhamisi, 1 Mei

Siku ya jua, kwa mara ya kwanza. Barua ya Tamsin nitaimalizia wiki ijayo, kwani leo kumekuwa na habari mbili kubwa.

Ya kwanza: Philippa ameiombea shule nembo ya dhahabu ya "Shule Inayomkumbatia Kila Mtoto." Waamuzi wanakuja Jumatatu ya tarehe 12, na mimi ndiye ninayeandaa kabrasha. Hilary hana nembo hiyo! Ukurasa wa kwanza nimeweka picha nzuri kuliko zote tulizo nazo: Tamsin ndani ya gamba, pembe juu, darasa zima likimpigia makofi. Chini yake nimeandika: *Hapa kwetu kila mtoto ana mahali pake.* Philippa aliitazama, akasema inagusa moyo. Akauliza yule mtoto anaendeleaje siku hizi. Nikasema yuko nyumbani kwa sasa.

Ya pili: halmashauri imejibu kuhusu Wilf Braithwaite wa darasa la pili! Wilf hawezi kustahimili watu wengi wala kushindwa, na asubuhi hii alijifungia chooni saa nzima akilia kwa sababu mwenzake alimtangulia kwenye foleni ya maziwa. Sikuliandika kwenye daftari. Waamuzi wa nembo watalipitia, na kwa sasa daftari ni safi kabisa. Mama yake alitaka kuandika barua yake mwenyewe kwa jopo. Nikamwambia asijisumbue.

Mwanasaikolojia ametupa tarehe mbili tuchague. Mojawapo, sikuamini macho yangu, ni Siku ya Michezo. Mbio za magunia, wazazi mia tatu, kipaza sauti! Nimejifunza kutokana na makosa, na kosa mara ile lilikuwa vazi. Safari hii hakuna mavazi. Wilf atakimbia na kaptura yake ya kawaida.

Nimechagua Siku ya Michezo. Nimejipongeza kwa biskuti mbili.